Nilivyokwenda Nairobi Kuulizia Bei ya Uso wa Zaina

Waliokuwepo siku ile walikuwa hawa: mzee Abdu wa Kabeza, mwenye duka la sabuni na chumvi karibu na barabara ya uwanja wa ndege, aliyekuja kumposea mwanawe; Yusufu, mwanawe huyo; Bi Asha, dada yake mzee Abdu, ambaye katika ukoo wao ndiye anayeuliza maswali; na jirani yao mmoja aliyekuja kama shahidi. Kwa upande wetu alikuwepo baba mdogo Ramadhani, msemaji wetu tangu baba na mama walipofariki. Mama Hawa, jirani yetu wa nyumba ya pili. Hadija, mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa anapitisha chai. Mariamu, aliyekuwa anaposwa. Na mimi, Sudi, kifungua mimba. Na Zaina, anayenifuata mimi, alikuwa jikoni nyuma ya nyumba. Chakula chote kilicholiwa siku hiyo alikipika yeye.

Nimemtaja mwisho kwa sababu ndipo nilipomweka. Zaina ana kovu la moto upande wa kushoto wa uso, kutoka chini ya jicho, kupitia shavuni, mpaka shingoni. Limemvuta kidogo pembe ya mdomo. Asubuhi ile nilimwambia jikoni panahitaji mtu mzima, abaki huko mpaka wageni waondoke. Hakubisha. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, Mariamu kumi na tisa.

Chai ilipokuwa inaisha, Bi Asha aliniuliza, "Na nyinyi kwa mama yenu muko wangapi?"

"Tuko watatu," nikasema.

Dirisha la jikoni liko nyuma ya kiti nilichokalia. Baba mdogo Ramadhani alinitazama, kisha akatazama kikombe chake, asinirekebishe. Mama Hawa akaanza kukohoa. Mazungumzo yakaendelea, na habari ya mahari ikaisha vizuri.

Kwa wasiotujua sisi watu wa Biryogo, mtaa wa Kigali, lazima nieleze uzito wa neno lile. Kwetu, mdogo akiposwa kabla ya dada yake, dada huyo huitwa mbele ya wageni, akaombwa ruhusa, naye hutaja kwa kinywa chake kitu anachotaka kutoka kwa waoaji na kutoka kwa mkubwa wa nyumba. Wengi hutaka pea ya vitenge, wengine mbuzi. Tunaiita haki ya kurukwa. Mimi nilimruka Zaina bila kumwomba, na nikamtoa hata kwenye idadi yetu.

Wageni walipoondoka alitoka jikoni, akakusanya vikombe, akaviosha. Wiki nzima alinipakulia chakula kama kawaida, nami nikawa nakula nikiangalia ukuta. Mwenye akili angekwenda Kabeza kusema kweli. Mimi niliamua kwamba kosa liko kwenye shavu lake, na kwamba shavu likitengenezwa, aibu yangu nayo itakwisha. Hiyo ndiyo sababu ya safari hii niliyoifanya mwaka 1992, kiangazi.

Kigali, wiki mbili kabla ya kuondoka. Kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha, katika karakana moja chini ya kilima cha Gisozi. Tulikuwa tumemwekea geti mama mmoja, karani wa ubalozi, nikamuuliza kama anajua wanapotengeneza nyuso. Alicheka. Akasema rafiki yake alikwenda Ubelgiji kupunguza pua, na pua ile ikala bei ya gari dogo jipya. Halafu akaona mimi sicheki. Akaniandikia kwenye karatasi anwani ya daktari wa Nairobi, akasema huko nako ni ghali, ila ukishindwa bei unarudi kwa basi, huhitaji ndege.

Kwenda wawili kungekuwa nauli mara mbili. Nikapanga niende peke yangu na picha, nijue bei kwanza. Nikachukua zamu yangu ya ikimina, ule mchango wa kupokezana wa mafundi kumi wa karakana. Zaina nilimwambia twende akapige picha ya kitambulisho.

Mpiga picha wetu anaitwa Papa Kasongo, Mzaire wa Bukavu, mwenye studio Nyamirambo. Maharusi wote wa mtaa hupigwa picha kwake, nao hutoka wazuri kuliko walivyoingia. Zaina aliingia, mimi nikabaki mlangoni nikiangalia barabara. Alipotoka akaenda sokoni, nikarudi ndani peke yangu.

"Iwe kubwa, uso mzima," nilimwambia Kasongo. "Inakwenda Nairobi kwa mtu mkubwa. Uitengeneze sana."

Kovu sikulitaja. Niliona haya kulitamka.

Kasongo akanikonyeza, akaniita yaya, yaani kaka kwa Kiswahili cha kwao. "Nimesikia, yaya. Ile ya Nairobi haina mambo mingi. Nitaifanyia kazi ya moyo, na bei itabakia ile ile."

Alinipa picha ndani ya bahasha ya kaki iliyobandikwa gundi, na kadibodi ndani isikunjike. Sikuifungua. Nilijiambia mikono yangu ina masizi. Ukweli ni kwamba uso ule nilikuwa sijautazama sawasawa kwa miaka mingi.

Jumapili, alfajiri. Barabara ya kaskazini, ya Gatuna, ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita. Anayekwenda Nairobi ilimbidi azunguke mashariki kupitia Tanzania. Nilipata nafasi kwenye lori la kahawa lililokuwa linakwenda Dar es Salaam. Dereva alikuwa Mtanzania wa Morogoro, Mkude, mtu mnene mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto. Tulipita njia ya Kanombe, ya uwanja wa ndege, kukiwa bado na giza la mwisho. Maduka ya Kabeza yalikuwa yamefungwa. Hata hivyo niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Mpaka Kayonza tulisimamishwa na askari mara tano. Kila mara tulishuka, vitambulisho vikasomwa, turubai likafunuliwa, kahawa ikachomwa kwa kijiti cha chuma kuona kama kuna kitu ndani. Mkude alikuwa na sigara za kuwagawia, na alijua kungoja bila kuonekana anangoja.

Kibungo, saa nne. Tulikula ndizi na maharage. Mkude aliniuliza ninafuata nini Nairobi. Nilimwambia vipuri vya mashine ya kuchomelea.

"Fundi wa vyuma umebeba bahasha mbele ya kifua kama tarishi," akasema. "Haya. Vipuri."

Baadaye, njiani, akanihadithia watoto wake sita, mmoja mmoja, hata anayekojoa kitandani. Kisha akauliza kama mimi nina ndugu.

"Wazazi walikufa ajalini nikiwa darasa la sita," nikamwambia. "Niliacha shule. Nina wadogo wawili, nimewalea mimi."

"Hongera, mdogo wangu. Wawili si mchezo."

Mbele ya Bi Asha ningeweza kusema nilikuwa nalinda ndoa ya Mariamu. Ndani ya lori lile sikuwa nalinda chochote. Mkude hanijui, hatanijua, na kama ningesema watatu asingenipunguzia wala kuniongezea kitu. Neno lilitoka lenyewe, tayari limezoea njia. Nami nilikuwa nimeiweka picha yake mapajani.

Rusumo, saa nane mchana. Mto Akagera unaanguka chini ya daraja, maji ya rangi ya udongo, na ukisimama juu unalowa uso bila kuguswa na mvua. Malori yanavuka moja moja. Afisa wa upande wetu alimjua Mkude, akanigongea mhuri kama utingo wake bila kunipekua. Upande wa pili wakina mama walikuwa wanauza karanga wakicheka kwa sauti. Nikagundua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimesikia mtu akicheka hivyo barabarani.

Jumatatu, Lusahunga. Tuliachana na Mkude penye njia panda ambapo malori hulala. Alikataa nusu ya pili ya nauli niliyomwahidi, akasema ninunulie vipuri. Basi la kwenda Mwanza lilikuja mchana, likapita pori la Biharamulo askari mmoja akiwa amekaa mlangoni na bunduki, kwa ajili ya majambazi. Vumbi lilikuwa jekundu hata kwenye kope. Nilitoa shati la pili kwenye mfuko wangu nikaifungia bahasha.

Jumanne tulivuka maji kwa kivuko, tukaingia Mwanza jioni. Nililala katika nyumba ya wageni karibu na stendi. Jumatano, basi la Musoma mpaka Sirari mpakani, pesa zangu zikageuka shilingi za Kenya mkononi mwa mtu mwenye kalamu sikioni, na zilipogeuka zikawa chache sana. Kutoka hapo ni Kisii, milima ya chai na migomba kama kwetu, kisha baridi.

Alhamisi asubuhi, Nairobi. Nilifikia Pumwani kwa Bi Salama. Aliwahi kukaa Biryogo, alikuwa shoga wa mama yangu kabla mumewe hajamhamishia Kenya. Ni mama mfupi, anapika maandazi ya kuuza, na ulimi wake haupumziki.

"Shikamoo, Bi Salama."

"Marahaba, mtoto wa Halima. Umekonda kama msumari unaouchomelea. Wadogo zako watatu hawajambo?"

Alikuwa mtu wa kwanza kuwataja watatu tangu nitoke nyumbani. Nikasema hawajambo. Baada ya chai nikamweleza nimekuja kwa ajili ya uso wa Zaina. Akauliza Zaina yuko wapi, ameachwa stendi? Nikamwonyesha bahasha. Alinitazama, mkono ukiwa kwenye unga.

"Uso umeuacha Kigali, umeleta karatasi," akasema. "Na mwenye uso amesemaje?"

Nikamwambia hajui. Bi Salama akarudi kwenye unga wake, akaukanda kwa nguvu kuliko ulivyohitaji, na habari hiyo hakuigusa tena mpaka kesho yake.

Ijumaa, saa tatu. Kliniki ilikuwa kwenye mtaa wenye miti mirefu na kuta zenye maua, magari yanapita taratibu. Niliangalia geti kwanza, kwa mazoea ya kazi. Lilikuwa limechomelewa vizuri. Ndani walikaa wamama wawili wenye miwani myeusi, na kijana mmoja amebandikwa plasta puani, anasoma gazeti kama hana habari. Msichana wa mapokezi alidai ada ya kumwona daktari kabla hajaniuliza jina. Nililipa. Ilikuwa sawa na mageti mawili, kazi na rangi.

Nikamuuliza bei, kwa kuwa ndiyo niliyoifuata. Alizisema bila kuangalia popote, kama anayetaja bei za nyanya. Pua, shilingi elfu sitini. Masikio yaliyochomoza, elfu arobaini, yote mawili. Mifuko ya chini ya macho, elfu thelathini na tano. Kukaza uso mzima, laki moja na kitu, na kitanda kinalipiwa kando.

"Watu wanalipa?" nikauliza.

"Wengine wanarudi mara ya pili," akasema. "Wakishaanza, hawaridhiki."

Daktari alikuwa mzee mwembamba, mpole, vidole vyake visafi sana. Alikata bahasha kwa kisu kidogo, akaitoa picha, akaishika mbele ya dirisha. Akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Huyu anataka kufanyiwa nini?" akauliza. "Kama ni pua, mimi singeigusa. Ni pua poa."

Sikumwelewa. Akanigeuzia picha.

Alikuwa msichana mzuri, shavu la kushoto laini kama la kulia, mdomo umenyooka, shingo haina kitu. Kwa muda nilidhani Kasongo amekosea amenipa picha ya bibi arusi wa mtu. Kisha nikaona hereni za mama, ambazo Zaina ndiye anayezivaa. Nikakumbuka penseli ya Kasongo. Hukaa dirishani na filamu mbele ya mwanga, akafuta chunusi za maharusi na mikunjo ya mama zao kwa ncha ya penseli, na kila mtu mtaani anajua. Mimi pia nilijua. Nilimwambia inakwenda kwa mtu mkubwa Nairobi, aitengeneze sana. Alidhani natafutia dada yangu mume, akamfuta kovu lote kwa wema wake, bila kuongeza bei.

Nilimweleza daktari. Hakucheka, na ningependa angecheka. Alivuta karatasi.

"Basi niambie wewe. Aliungua namna gani?"

"Kibatari kililipuka. Alikuwa na miaka minane."

"Kwa nini kililipuka?"

"Kulikuwa na petroli imechanganywa ndani."

Hakuuliza aliyeichanganya ni nani. Nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nafagia gereji, mafuta ya taa yalikuwa ghali na petroli ya kumwagika ilikuwa bure. Nilimwachia Zaina kibatari akiwashe mwenyewe.

Daktari akaendelea kuuliza, kalamu mkononi. Mdomo unafunguka wote? Anaweza kugeuza shingo kushoto bila kugeuza bega? Kovu linamuwasha, linapasuka wakati wa joto? Kila swali nilijibu sijui. Tunakaa nyumba moja, anakula mbele yangu kila siku.

"Akilala, jicho la kushoto linafumba?"

"Sijui. Analala amejifunika kitambaa usoni. Anaona aibu."

"Amekuambia anaona aibu?"

"Hapana."

Akaweka kalamu chini. Akaniambia, kwa kukisia tu, kazi ya shavu kama hilo inahitaji kuhamisha ngozi kutoka pajani mara mbili au tatu, katika mwaka mmoja na zaidi, na haitapungua elfu tisini, bila kitanda, bila chakula na malazi ya Nairobi. Nilipiga hesabu palepale: mshahara wangu wote wa zaidi ya miaka miwili na nusu, kama sisi wanne hatuli. Na baada ya hayo, akasema, haitafanana na picha hii. Litakuwa kovu zuri zaidi, lakini kovu.

"Mimi nakata uso wa mtu aliyekuja mwenyewe kwa miguu yake akaniambia anataka," akasema. "Huyu hata hajui amekuja. Nenda umuulize. Na uulize jicho kwanza. Kama halifumbi, hilo ni la haraka, na hata hospitali ya misheni huko kwenu wanaweza, kwa pesa kidogo."

Jioni Bi Salama aliitazama picha kwa muda mrefu. "Huyu si wa Halima," akasema. Hakunikaripia. Alinifungia maandazi ya njiani, akaniongezea nauli kwa sababu ada ya kliniki ilikuwa imeikata yangu, akakataa kuniambia nirudishe lini. Mlangoni ndipo aliposema, "Sudi, mama yako alikuwa akihesabu watoto kwa kuwagusa vichwa. Na wewe jifunze."

Safari ya kurudi sitaieleza sana. Barabara ni ile ile, na mimi sikuwa natazama nje. Rusumo, siku ya nne, nilikuwa peke yangu, askari wetu akanipekua vizuri. Akaitoa picha.

"Nani huyu? Bibi yako?"

"Dada yangu. Lakini hafanani hivyo."

"Kivipi hafanani?"

Nikamweleza mbele ya foleni nzima ya watu: kovu, linaanzia wapi, linaishia wapi. Nilitumia kidole kwenye uso wangu mwenyewe. Askari alichoka kunisikiliza, akanirudishia picha, akaniambia nipite. Nikavuka, nikabadilisha mabasi mawili, nikafika Kigali Jumatano saa kumi jioni.

Zaina alikuwa uani, anamenya viazi. Mariamu na Hadija hawakuwepo. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake, upande wa kushoto, nikamtazama. Akaacha kumenya.

"Kaka, nini tena?"

Nikamweleza yote kwa mpangilio, tangu picha ya kitambulisho ambayo haikuwa ya kitambulisho. Nikampa picha. Aliiangalia, akacheka, mdomo wake ukivutika upande.

"Huyu ni Mariamu akikasirika," akasema.

Nikamuuliza maswali ya daktari, moja baada ya jingine. Mdomo unafunguka, ila kwa embe kubwa hapana. Shingo inagoma kidogo. Kovu linawasha wakati wa jua kali, hupaka mafuta ya nazi. Nilipofika kwenye jicho akafuta mikono kwenye kitenge.

"Halifumbi. Tangu zamani. Linabaki wazi kidogo, linakauka, vumbi linaingia. Ndiyo maana nalala na kitambaa." Akanitazama. "Wewe ulidhani nini?"

Nikamwambia nilidhani nini. Alirudi kwenye viazi. Akasema jicho angependa lifumbe, nimtafutie mahali. Shavu tuliache, yeye amelizoea, mimi ndiye sijalizoea.

"Na siku ile ya posa," nikaanza.

"Nilisikia, dirisha lilikuwa wazi," akasema. "Bi Asha alikuja jikoni kunawa mikono baada ya kula. Akaniuliza mimi ni nani. Ulikuwa umeshasema watatu. Ningesemaje? Nikamwambia mimi ni mfanyakazi wa Mama Hawa, nimeazimwa kwa leo. Akanipa faranga hamsini, akasifu wali."

Nimepita safari ya siku kumi na moja, nimelala stendi, nimesimama mbele ya bunduki. Hakuna mahali palipokuwa pagumu kama kile kigoda.

Jumapili iliyofuata, Kabeza. Tulikwenda wawili, mimi na Zaina, na baba mdogo Ramadhani akaja nyuma yetu akijidai amechelewa. Mzee Abdu alifunga duka ili atupokee. Bi Asha alipomwona Zaina akasema, "Huyu si yule msichana wa kuazimwa?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Yaliyotoka yalikuwa machache. "Huyu ni Zaina, dada yangu, ananifuata mimi. Tuko wanne. Nilikudanganya, na yeye akalazimika kudanganya ili nisiumbuke."

Yusufu alitazama chini. Nilijua kwamba wanaweza kusimama wakarudisha neno lao, na Mariamu akaachwa kwa sababu yangu. Mzee Abdu akamgeukia dada yake. Bi Asha akainuka, nikadhani anatuonyesha mlango. Alivuta kiti chake mwenyewe akamwekea Zaina, karibu na dirisha.

"Basi hatukuwa tumeposa," akasema. "Tunaanza leo. Mama, tunaomba kumwoa mdogo wako. Unaturuhusu?"

"Nawaruhusu," Zaina akasema. "Mariamu anampenda. Ila mumwambie Yusufu apike mwenyewe mara moja moja, huyo Mariamu hajui wali."

Walicheka, hata mzee Abdu. Zaina akataja haki yake: pea ya vitenge, vya rangi ya kijani. Mzee Abdu akatuma vikanunuliwe saa ile ile. Kisha baba mdogo Ramadhani akakohoa na kusema bado haki ya upande wa nyumba, kutoka kwangu mimi. Nilikuwa na pesa kidogo mfukoni. Zaina akanitazama, akasema, "Yako nitakuambia."

Mariamu ameolewa tangu Novemba. Jicho la Zaina lilitengenezwa katika hospitali ya masista huko kusini, kwa kipande kidogo cha ngozi kutoka nyuma ya sikio. Bili yote haikufika nauli niliyoitumia kwenda kuulizia bei Nairobi. Sasa linafumba, na kitambaa amekitupa. Nilichojifunza ni bei za pua na masikio, ambazo hazinisaidii, na kwamba shavu la kushoto la dada yangu lina alama moja ndogo karibu na sikio ambayo moto haukuigusa, ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Bi Salama nimemtumia nusu ya nauli yake kwa dereva. Ikimina nitaimaliza mwezi wa tatu.

Haki ya upande wangu bado. Jana nilimuuliza Zaina tena, ni mara ya nne, anataka nini kwangu. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alisema anafikiri, nisimharakishe.